Valvu Nane kwa Simu

"We kaka! Weka chini huo mkasi kabla sijakuitia mwizi!"

Soko zima la Shinyanga liligeuka. Ilikuwa Jumamosi, wenye mchele na wenye dagaa wamebanana, na kwenye baraza ya mafundi cherehani kijana mrefu alikuwa amechutama akikata karatasi nene, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Shati lake jeupe la ukarani limechomekewa vizuri, ila kucha zimejaa grisi.

"Samahani dada. Uliinuka, nikadhani..."

"Ukadhani mkasi ni wa serikali? Mkasi wa nguo haukati karatasi, unakufa makali!"

"Ni gasketi dada, ya pampu ya maji. Ya gari."

"Hata ingekuwa ya ndege!"

Watu wakacheka. Aliyekuwa akifoka ni Mwamvua binti Sabiti, ndani ya gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe, nalo, jamani, lilimkaa hadi wanunuzi wa vitunguu wakasahau vitunguu. Akaitupia jicho ile karatasi. Matundu yamekwenda upogo. Fundi gani atavumilia kazi mbaya namna ile mbele ya macho yake?

"Lete hapa."

Akachukua mkasi wake wa zamani, akaitazama gasketi iliyooza, akakata mpya moja kwa moja.

"Hupimi?" yule kijana, Akida, aliduwaa.

"Nikishaona kitu, nimekiona. Viuno vya wateja wangu wote viko humu," akajigonga kipaji cha uso.

"Na changu?"

"Chako inchi ishirini na nane, na unahitaji kula."

Mapenzi yalianzia hapo, msiniulize zaidi.

Gari lenyewe lilikuwa la kijani, la marehemu baba yake Akida. Lilikuwa juu ya mawe uani kwa mama yake, Bi Tabu, mwaka wa tatu sasa, na mtaa mzima uliliita Mgonjwa. "Mgonjwa ameamkaje?" watu walimsalimia Akida njiani. Ilikuwa mwaka themanini na moja, vipuri ukivisikia ni kwa waliotoka Dar es Salaam, kwa hiyo Akida alijitengenezea mwenyewe kila jioni akitoka ofisi ya pamba. Aliwahi kuichemsha kabureta kwenye sufuria ya mama yake, mchicha ukanuka petroli wiki nzima. Aliwahi kuliwasha likaunguruma, akarukaruka kwa furaha, kumbe moshi mweusi umeshamaliza shuka za jirani kwenye kamba. Bi Tabu alifoka, halafu akawa anamletea chai pale pale chini ya gari.

Mwamvua naye akazoea kuja. Alimshikia taa, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Mpenzi, hilo gari unalipenda kuliko mimi?"

"Nalitengeneza ili likubebe, mahabuba. Ukipanda basi vumbi litaniharibia hilo gauni."

Habari zikafika Mhunze kwa Mzee Sabiti, baba yake Mwamvua, mwenye duka. Akatuma neno: washenga waje Jumapili ya tatu, na waje na hilo gari. "Nataka kuona kijana anayemaliza alichoanza. Lisipofika, nisisumbuliwe tena."

Sasa Akida alikuwa na siku kumi na saba. Akafungua injini, akatoa valvu zote nane, akazisaga kwa mkono moja moja, kila moja kwenye tundu lake hadi ikae bila kupenyeza pumzi. Kazi hiyo ilimla majuma mawili. Alhamisi asubuhi akazipanga kwa mstari juu ya khanga kuukuu karibu na mlango wa jiko, ya kwanza hadi ya nane, akaenda kazini akipiga mluzi.

Saa nne Mwamvua akafika. Bi Tabu alikuwa msibani. Na binti aliyelelewa vizuri, akifika kwa mama mkwe mtarajiwa, hakai akakunja miguu. Huanza na ufagio. Alifagia uwanja, akaosha vyombo, akakuta na vyuma vinane vyeusi vya kutia aibu, navyo wageni hawaishi kupita. Akavisugua kwa majivu na sabuni hadi vikang'aa, akavitia vyote kwenye beseni, akafunika na kitambaa cha maua. Alikuwa na fahari mtoto wa watu!

Akida aliporudi alifunua beseni, akashikilia ukuta.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, kipenzi. Umeona zilivyotakata?"

"Umeniua! Kila moja ina tundu lake! Nani alikutuma uguse vitu vya watu? Hapa si kwako!"

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Mwamvua alivua aproni ya Bi Tabu taratibu, akaikunja.

"Kweli," alisema. "Si kwangu." Asubuhi ya Ijumaa akapanda basi la Mhunze.

Bi Tabu alipoambiwa, hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe tu. "Ulimwambia hivyo mtoto aliyekuoshea vyombo?" Akida hakulala wala hakula. Alasiri akaomba simu ya ofisini.

"Haloo! Mhunze!"

"Haloo, duka la Sabiti hapa. Nani?"

"Shikamoo mzee. Ni Akida, wa Shinyanga."

"Marahaba. Akida wa Mgonjwa?" Mzee akageuza shingo. "Mwamvua! Njoo, ni yule aliyekufanya uloweshe mto!"

"Baba!" Kisha sauti ikasogea. "Sema haraka, nina unga mikononi."

"Laazizi, nimekosa. Nilisema neno la kipumbavu. Nyumba ile mama na mimi tulikuwa tunalala tu, imekuwa nyumba ulipoanza kuja. Nisamehe."

Mwamvua akajipangusa unga kwenye khanga.

"Umepiga kuomba radhi, au kuuliza vyuma vyako?"

"Radhi. Vyuma nimeshakata tamaa. Nitakuja kwa basi, baba yako anifukuze, mradi nikuone."

"Eti basi!" Alivuta pumzi, na Akida akajua analia na kucheka pamoja. "Karani, una kalamu?"

"Ya nini?"

"Andika. Ya kwanza, iliyokuwa mlangoni kabisa, ni kubwa, ina mkwaruzo shingoni. Ya pili ndogo, mguuni ina doa la buluu, majivu yameshindwa. Ya tatu ndogo, ukingo una kijino..."

"Mwamvua! Unakumbuka?"

"Nilizishika moja moja, nitasahau? Andika, bwana!"

Walipofika ya sita, binti wa mitambo ya simu aliingilia. "Dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?"

"Tunaendelea!" wakaitikia wote wawili.

"Endeleeni. Na mimi nataka kuisikia ya nane."

Jumamosi nzima Akida alirudisha valvu, karatasi ikiwa imebandikwa ukutani. Akamimina mafuta ya taa juu yake kuona kama zinapenyeza. Mbili za mwisho zikavuja. Akazibadilisha nafasi, zikakauka kabisa, na Bi Tabu akapiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani. Usiku huohuo injini ikafungwa, gari likashushwa kwenye mawe.

Kwa desturi, mposaji hubaki kwao, washenga ndio huenda. Lakini Mgonjwa hakuna mwingine aliyejua kumbembeleza, basi Jumapili alfajiri Mzee Zamoyoni, baba mdogo wake Akida, alikaa nyuma na kanzu yake akiwa na mzee mwenzake, na mposaji akawa dereva. Mara mbili maji yalichemka. Wachunga ng'ombe wakawapa maji ya kunyweshea mifugo na kicheko juu yake. Saa tano, kijivu kwa vumbi, gari likaingia Mhunze likikohoa, likasimama mlangoni kwa Mzee Sabiti. Na walitakiwa wawe wamerudi Shinyanga kabla ya saa nane, maana siku zile serikali ikibana mafuta, Jumapili gari la mtu binafsi likikutwa barabarani baada ya hapo ni kesi.

Wazee wakaingia. Dereva akaachwa nje na kikombe cha kahawa, boneti wazi, masikio yakiwa dirishani.

Salamu zikawa ndefu. Mzee Zamoyoni akalizungushazungusha neno, akalitua. Mzee Sabiti akakohoa.

"Gari nimeliona. Limefika, sina la kusema. Aliyebaki ni mwenyewe." Akamwita binti yake, naye akaja kusimama mlangoni, khanga hadi machoni. "Mwamvua, wazee hawa wamekuja kwa ajili ya Akida. Unajua kwetu: binti akinyamaza, amekubali."

Ndani kukawa kimya. Nje, Akida alishika boneti kwa mikono yote miwili. Mzee Zamoyoni alianza kutabasamu, akainua viganja aombe dua.

"Ngoja, baba mdogo," Mwamvua alisema. Akashusha khanga usoni, akageukia dirisha, akapaza sauti kama yuko kwenye baraza ya sokoni.

"Sinyamazi! Nimekubali kwa mdomo wangu, na huyo dereva wenu aliyeko nje asikie!"

Kikombe kilianguka huko nje.

"Amesikia," alisema Mzee Sabiti, na akawaomba wazee waendelee na dua.