Jina Bila Afande

Treni ilishaiacha Seoul wakati mwanamume mmoja, koti halijafungwa vifungo na mkononi kashika mfuko wa vikeki vyenye kokwa za jozi, alipomwinamia msichana aliyekaa dirishani.

"Dada, umekalia kiti changu."

"Hebu nione tiketi. Kaka, hii ni ya kesho."

"Basi nishushe."

"Kaa hapo pembeni. Lakini vikeki tunagawana."

Hadi Daejeon wakawa wameshapeana namba.

Asubuhi wakakutana chumba cha upasuaji cha jeshi, wote ndani ya nguo za kijani. Kumbe mwanamume yule ni Meja Ok Tae-rim, daktari mpasuaji. Msichana ni Luteni Maeng Yun-seul, nesi wa nusukaputi. Hawakuletwa kujifunza kukata wala kushona. Waliletwa kujifunza kusemezana: anayeona hatari aitaje, anayesikia ajibu. Mgonjwa alikuwa mwanasesere wa mpira, damu yake maji mekundu ya pampu. Timu ikifaulu jaribio la mwisho, inapanda meli ya jeshi pamoja. Ikifeli, inavunjwa.

"Umekula, mpenzi?" Tae-rim aliuliza kwenye simu jioni moja.

"Nimekula, bwana tiketi ya kesho."

"Tufaulu tu, na siri yetu isijulikane. Huko melini nitakuona kila siku."

Jaribio la kwanza, Yun-seul akaona presha inashuka. Luteni atamkosoaje meja? Akasema, "Afande, humu naona mna joto kidogo."

"Washeni feni," Tae-rim akajibu, akaendelea kushona. Mwanasesere akafa.

Kwenye korido Tae-rim alivua kofia kwa hasira. "Uliona, ukanyamaza!"

"Nilikwambia."

"Uliniambia joto!"

"Ulitaka nikukaripie mbele za watu?"

"Nilitaka mgonjwa apone!"

Simu zikanyamaza.

Jaribio la mwisho lilisimamiwa na mkufunzi wao, Kanali Bang, mama mfupi mwenye sauti ya mikwaruzo. Tae-rim kainamia tumbo; Yun-seul akahisi kiatu kimelowa. Akatafuta neno la adabu, asilipate.

"Tae-rim, acha! Damu inatoka mgongoni!"

Jina tupu, kama mama mtu anavyomwita mwanawe.

"Mgongoni, nimesikia," Tae-rim akajibu, mkono umeshafika. Mwanasesere akapona.

Kanali akazima pampu. "Mmefaulu." Akamtazama Yun-seul kwa udadisi. "Luteni, tangu lini unamwita hivyo?"

Yun-seul akaiva kwa haya hadi masikioni. Tae-rim ndiye aliyejibu: "Tangu tupendane, afande."

"Na sheria mnaijua. Wapenzi hawapandi meli moja. Daktari sina mwingine. Luteni, utabaki."

Nje, Tae-rim akanong'ona, "Umetuponza, Yun-seul."

"Mgonjwa si amepona?"

"Mgonjwa gani? Mpira ule!"

Wakacheka hadi machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Meli iliondoka Busan mwezi Machi. Tae-rim alikwenda na nesi mwingine. Yun-seul alibaki akawa mkufunzi. Kanali Bang alistaafu, analima pilipili. Tae-rim alirudi majira ya kupukutika majani, wakaoana Daejeon. Sasa wanafanya kazi hospitali mbili tofauti.