Mwanachama wa Kumi

Wanachama walikuwa kumi. Fundi alihesabu mara tatu, maana yeye ndiye aliyewasajili, mmoja mmoja, na alisajili tisa, yeye mwenyewe akiwemo.

Mtandao huo wa familia aliuandika mwenyewe kwa miezi saba, ili wahame ile mikubwa inayochungulia hata misiba ya watu. Humu hamkuwa na matangazo wala mtu hakuweza kutolewa mpaka wanachama wote wakubali. Kanuni hiyo ndiyo aliyojivunia zaidi.

Aliyezidi hakuwa na jina. Alikuwa ameweka picha moja tu: Mama jikoni, anakata vitunguu, imepigwa kutoka darini.

"Mama, nani kakupiga picha hii?"

"Si wewe na hilo dude lako? Na mbona linanuka?"

Kompyuta iliyobeba mtandao, pale sebuleni juu ya kabati, ilinuka nywele zilizoungua.

Fundi akaitisha kura: mgeni atoke. Zikaja ndiyo tisa. Jibu likatokea: bado moja. Akasonya. Mgeni naye alihesabiwa, na kanuni aliiandika yeye.

Akampigia kaka yake. "Nisaidie kuwaambia wahame kidogo, niufute wote."

"Tuhame tena? Umetutoa kule, sasa unatutoa huku. Tumechoka, dada. Bora huyo mgeni, hana masharti."

Alipokata simu, kura mpya ilikuwa imefunguliwa: Fundi atoke. Kaka, ndiyo. Shangazi, ndiyo, na vicheko vitatu.

"Nami nimekubonyezea," Mama akasema kutoka jikoni. "Upumzike, mwanangu."

Zilifika tisa. Ilibaki yake.

Akanyoosha mkono ang'oe waya ukutani, na hapo harufu ikamjaa kooni, kitu cha moto kikalala juu ya kiganja chake, kikaukunja mkono wake taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, kikaushusha hadi kwenye simu, kikakichagua kidole, na kidole, huku yeye akikivuta kwa nguvu zake zote, kikabonyeza ndiyo.

Harufu ikakata. Fundi akakimbilia jikoni.

"Mama."

Mama alikuwa anaifuta meza. Kitambaa kikapita juu ya vidole vya Fundi pale mezani, na Fundi asihisi kitu.

"Mama, niangalie."

Mama akageukia sebuleni. "Njoo tule, mwanangu."

"Nakuja, Mama," ikajibu sauti ya Fundi, kutoka kwenye kiti chake.