Kichwa Chini ya Kitambaa Kibichi

Mchongaji Barrois alikutwa amekufa karakanani mwake, mjini Rouen, saa mbili asubuhi, paji la uso limebonyea. Nyundo yake ya mti ilikuwa kando yake, ina damu. Hakuna kilichoibwa.

Rafuni palikuwa na sanamu ndogo za plasta: vichwa vya wakubwa wa mji, vimechongwa kwa dhihaka.

"Muuaji ni mmoja wa hawa, afande," alisema Sajini Pruvot.

"Akuue kwa sababu ya sanamu, halafu aiache nzima?"

Inspekta Quenot alifunua kitambaa kibichi mezani. Kichwa cha udongo, hakijakamilika. Kidevu kama koleo, kola imepanda hadi masikioni.

"Huyu nani, mama?"

"Simjui," mjane alijibu. "Marehemu hakuwa akionyesha kazi kabla ya kuimaliza."

Jaji Thouret alimpokea Quenot sebuleni. Sanamu yake, pua kama kiazi, ilikaa juu ya meko.

"Nikasirike? Mke wangu kaagiza tatu. Siku hizi asiyechekwa na Barrois hata chakula haalikwi."

"Nani hajachekwa?"

"Malfroy, wakili wa hati. Mchumba wa bintiye ni wa ukoo mkubwa. Wakwe wameshaanza kuuliza, huyu mtu ana kasoro gani?"

Malfroy alifungua mlango mwenyewe. Kidevu kilitangulia, kola ikafuata. Quenot akaweka kichwa cha udongo mezani, akakifunua.

Malfroy aliinama kukitazama.

"Ni mimi."

"Ni wewe."

"Alikianza lini?"

"Mafundi wanasema udongo una siku nne."

Malfroy akaketi.

"Jana jioni nilikwenda kumbembeleza anichonge. Mimi, na mvi hizi. Akacheka. Akasema, 'Una haraka gani, bwana? Subiri Jumapili.' Nikajua ananicheza shere. Wakwe walikuwa watoe jibu Jumamosi."

"Ukachukua nyundo."

"Ilikuwa karibu na mkono." Akagusa kile kidevu cha udongo. "Kumbe alisema kweli."

"Vaa koti, Bwana Malfroy."

Barrois alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliacha mjane na watoto watatu. Malfroy alifungwa kazi ngumu maisha huko Toulon, akafa mwaka wa pili. Posa ilivunjwa wiki ileile. Bintiye, Clémence, hakuolewa na yule wala na mwingine.