Kidole Changu Kwenye Tangi la Gari la Mkwe

"Baba tumfungie leo leo, kabla hajashtuka!"

Jamani... hiyo sauti ilikuwa ya binti yangu. Wa kumzaa mwenyewe!

Nikaganda.

Na ningefanyaje? Kidole changu cha kati kilikuwa kimenasa kwenye tundu la mafuta la gari la mkwe wangu. Lile jekundu la spoti, la milango miwili, ambalo hata inzi akitaka kutua anaambiwa avue viatu.

Wacha niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mstaafu. Naishi kwa binti yangu na mumewe, chumba cha uani, ubavuni mwa gereji. Ufundi sikusomea, nilizaliwa nao. Ujanani niliwahi kuwasha trekta kwa kijiko na matusi mawili. Ukibisha, kaliulize trekta.

Lakini siku hizi hapa nyumbani wimbo ni mmoja tu: "Baba, pumzika. Baba, hicho kigari chako kitakuua."

Kigari! Ule mkweche ndio miguu yangu. Nikinyang'anywa, mimi nimekwisha. Kweli, majuzi nilizimikiwa njiani mara mbili, mkwe akaja kunivuta kwa kamba. Sasa hilo nalo ni kosa?

Basi Jumamosi asubuhi naingia gereji, nakuta boksi. Nafungua... mfuniko wa tangi la mafuta! Si ule unaokuja na gari. Huu wa kununua dukani, unang'aa kama jino la dhahabu, katikati una tundu la ufunguo.

Nikajisemea, huu bila shaka ni wa gari la mkwe. Ngoja nimfungie, aone kama mzee ni wa kupumzishwa.

Nikatoa mfuniko wa zamani. Nikazungusha huu mpya... hauingii. Nikaubembeleza. Nikautukana. Wapi! Nikadhani mdomo wa tangi una uchafu, nikachomeka kidole nipapase.

Kumbe mle ndani kuna kibati cha springi!

TAP!

Ukivuta, kinang'ata. Ukivuta zaidi, kinang'ata zaidi.

Ndipo nikazisikia zile sauti, dirisha la jikoni likiwa wazi.

"Akikataa je?" Huyo mkwe.

"Atakataa nini? Akishafungiwa, kafungiwa."

"Sawa. Ufunguo nitakaa nao mimi."

"Masikini, atanuna..."

"Anune tu! Nimechoka kumfuata barabarani."

Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Nifungiwe ndani kama kuku wa mgeni? Nikataka kukimbia. Lakini utakimbiaje na gari kidoleni?

Hatua... zinakuja... mkwe huyo!

"Baba! Unafanya nini hapo?"

"Nimeliegemea tu, mwanangu. Linapendeza."

"Na kidole?"

"Kidole kipi?"

Akainama kuangalia. Rangi ikamtoka. Binti yangu naye huyo, mbio, mikono ina povu la vyombo.

Nikaona liwalo na liwe. Nikapasuka!

"Nimewasikia! Mnataka kunifungia! Na ufunguo akae nao huyu! Mimi niliyekubeba mgongoni!"

Wakatazamana.

"Kukufungia wapi, baba?"

"Ndani! Humo chumbani!"

Binti yangu akautazama ule mfuniko mkononi mwangu. Akakaa chini kwenye tairi. Akacheka mpaka sauti ikakatika.

"Baba... tulitaka kukufungia HUO! Mfuniko! Kwenye gari lako!"

"Langu?"

"Kuna mtu anakunyonya mafuta kwa mpira, mzee," akasema mkwe. "Ndiyo maana unazimikiwa. Tukasema tukuwekee wa kufuli, uende mpaka urudi. Ufunguo wa pili nikutunzie."

"Kwa hiyo... gari sinyang'anywi?"

"Nani kakwambia?"

Ndugu zangu, nilitamani nizame mzima mzima kwenye lile tangi.

Mkwe akaleta sabuni ya maji na bisibisi. Akasukuma kibati, akamimina sabuni, akahesabu, akavuta. Kidole kikatoka!

Kibati nacho kikatoka. Vipande viwili.

Mkwe alilishika lile gari shavuni kama anaaga maiti.

Somo ni hili: "kufungia" ni neno moja lenye milango mingi. Ukisikia unasemwa dirishani, usiwamalizie watu sentensi. Nenda kaulize. Na kama huwezi kwenda, piga kelele mapema, kabla kidole hakijavimba.

Gari jekundu liko kwa fundi linasubiri spea. Kwa hiyo wiki hii nani anampeleka mkwe kazini? Mimi! Mkwe ndani ya mkweche!

Ndiyo tumefika sasa hivi. Mlango wa upande wake haufunguki mpaka afunguliwe na mtu wa nje. Mtu wa nje ni mimi.

Anagonga kioo. Nimemwonyesha kidole kimoja, asubiri... nawaandikia ninyi kwanza.