Kulabu za Chumba cha Baridi

Kila alipotoka shuleni, msichana alipitia karakana ya mama yake. Alivua sare, akavaa aproni iliyotobolewa na cheche, akafagia vipande vya chuma huku akisimulia habari za darasani. Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Wakati huo alikuwa akitengeneza kulabu za kutundikia nyama katika chumba cha baridi cha machinjio. Kazi hiyo aliipata kupitia kwa mdogo wake, mjomba wa msichana, aliyekuwa mbebaji wa nyama huko.

"Chuma hiki kipya kina kiburi," mama alisema, akikikunja kwa uzito wake wote. "Kinanitoa jasho. Lakini afadhali, kitakuwa imara."

Kulabu zilipelekwa. Haukupita muda, moja ikakatika, na nusu ya ng'ombe ikamwangukia mjomba mguuni. Mifupa ya unyayo ilisagika. Msimamizi wa machinjio alisema mjomba alitundika nusu mbili za ng'ombe kwenye kulabu moja kwa uvivu, kwa hiyo asitegemee kurudi kazini.

"Sikutundika mbili, dada," mjomba alisema akiwa kitandani hospitalini. Kisha akajaribu utani wake. "Ng'ombe mwenyewe kafa, bado ananipiga teke."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Wenzake walikuwa wamemletea kipande cha kulabu. Msichana alikigeuzageuza mkononi. Kilikuwa kimekatika kama biskuti, bila kujipinda hata kidogo. Chuma alichokizoea yeye, kikizidiwa, hupinda kwanza.

Mama alipokuwa bado hospitalini, msichana alichukua kulabu mbili zilizosalia karakanani. Moja aliiacha mezani. Nyingine aliipeleka kwa mama mwenye duka la jirani, akaomba iwekwe kwenye friza.

"Unagandisha chuma? Utakila na nini?" yule mama aliuliza, lakini akaipokea.

Kesho yake aliichukua, akazibana zote mbili kwenye jiriwa, moja baada ya nyingine, akazipiga nyundo. Ile ya mezani ilipinda. Ile ya friza ilikatika kwa pigo la kwanza.

Akakaa chini. Akisema, lawama itatoka kwa mjomba na kumwangukia mama. Akaficha vipande na kunyamaza. Siku zikapita.

Walipokwenda tena hospitalini, mjomba alikuwa akitazama ukuta. "Labda kweli nilitundika mbili," alisema taratibu. "Watu wote wakisema hivyo, hata mimi naanza kusadiki."

Msichana alimvuta mama yake ukumbini, akamweleza kila kitu. Mama hakumkaripia. Alimwambia avilete vipande alivyovificha.

Walikwenda na vipande hivyo hadi chuo cha ufundi. Mwalimu wa kike anayefundisha habari za metali alikisugua kimoja mpaka kikang'aa kama kioo, akakipaka tindikali, akakiweka chini ya hadubini. Msichana alichungulia, akaona punje nyingi zilizobanana kama vigae vya sakafu.

"Chuma hiki kina kaboni kidogo, hilo si tatizo," mwalimu alisema baada ya kumaliza vipimo vyake. "Tatizo ni fosforasi. Ikiwa kidogo, hukiongezea chuma nguvu. Ikizidi, hukifanya kigumu kukunja, na nyingine hujikusanya kwenye mipaka ya punje na kulegeza mshikamano wa punje hizo. Penye joto hutaona kitu. Penye baridi, ufa hupita humo mara moja."

"Mama angejuaje?" msichana aliuliza.

Mwalimu alijibu, "Kwa macho, asingejua. Kwa jaribio kama lako, angejua."

Mama alivikusanya vipande vile.

Walitoka hapo moja kwa moja hadi machinjioni. "Teremsha kulabu zangu zote leo," mama alimwambia msimamizi. "Kosa ni la chuma changu. Mdogo wangu hakufanya uvivu."

Zikateremshwa, na jina la mjomba likasafishwa. Lakini mguu haukupona sawasawa, na mbebaji anayechechemea hana kazi penye sakafu yenye utelezi. Habari zilienea haraka. Hakuna aliyeleta tena geti wala dirisha kwa mama, na karakana ikafungwa.

"Ningenyamaza, tungekuwa bado na kazi," msichana alisema siku moja, wakiwa nyumbani.

"Na kulabu zingekuwa bado juu ya vichwa vya watu," mama alijibu. "Hatukuharibiwa na ukweli, mwanangu. Niliona ugumu nikauita uimara, sikujaribu. Nawe ulijua, ukakaa kimya siku ambazo nyingine ingeweza kukatika. Siwezi kukuahidi kwamba mambo yatarudi kama zamani. Ila kitu cha kubeba uzito kijaribu pale pale kitakapotumika. Na ukijua hatari, iseme siku hiyo hiyo, hata kama itakuchoma wewe."

Msichana alileta kiatu cha mjomba. Kisha wote wawili wakaenda kumsaidia mjomba, aliyekuwa sasa akiishi nao, kukivaa. Walijaribu taratibu, wakalegeza kamba zote, lakini mguu haukuingia.