Swali la Baridi

Je, umewahi kumwonea wivu mtu aliyekusaidia? Basi keti nikueleze habari za Anisa wa Keroka.

Kila jioni Anisa alimsaidia mama yake, Roda, kuvumbika ndizi za kuuza. Walizipanga ndani ya gunia, majani makavu ya mgomba chini na juu, kisha wakafunga mdomo kwa kamba ya katani. Kuchagua siku ya kuvumbika ndiko kulikokuwa kugumu, kwani ndizi zilipaswa kuiva siku ya soko.

Katika chama cha kompyuta shuleni, Anisa alitengeneza modeli ya maamuzi: maswali mafupi yanayofuatana hadi mtu aambiwe, "Vumbika leo," au, "Ngoja." Mwalimu Mogaka alimsaidia kuiweka mtandaoni, katika programu ya bure ambamo yeyote angeweza kuitumia na kuiboresha. Hata mama aliifuata kwenye simu yake.

Haukupita muda, msichana wa Nyamache aitwaye Nyanchera akaongeza swali: "Je, kuna baridi na ukungu?" Aliyejibu ndiyo aliambiwa avumbike mapema zaidi, kwani baridi huchelewesha ndizi kuiva. Mwalimu Mogaka alimsifu sana Nyanchera mbele ya darasa.

"Kumbe bingwa yuko Nyamache!" Ogari, mwanafunzi mwenzake, akamtania Anisa. "Wewe ulimbebea tu maji!"

Darasa likacheka. Tangu siku hiyo, Anisa hakutaka hata kulisikia jina la Nyanchera. Mwishowe alilifuta lile swali, akaifunga modeli ili mtu mwingine asiiguse.

Julai ikaja na baridi yake. Mama aliifuata modeli kama kawaida. Alipofungua magunia sokoni, Anisa akiwa kando yake, ndizi zilikuwa kijani, ngumu kama kuni.

"Mama Anisa, hizi ni za kula au za kufukuzia mbwa?" mteja mmoja akauliza, akahamia kwa jirani.

Mama alianza kufunga magunia tena, polepole, macho yake chini. Anisa hakuweza kuvumilia.

"Mama, si kosa lako. Mimi ndiye niliyelifuta swali la baridi."

"Basi twende kwa mwalimu wako," mama akasema.

Mbele ya Mwalimu Mogaka, Anisa alikiri wivu wake, akalirudisha swali, akaifungua modeli, akamwandikia Nyanchera kumwomba radhi. Jibu halikuchelewa: "Pole kwa ndizi! Swali lilipofutwa, mimi nilidhani nimekosea. Bila kazi yako nisingejua pa kuanzia."

Anisa alilisoma mara mbili.

"Umeona?" mwalimu akasema. "Tunaweka kazi wazi ili wenzetu watuonyeshe tulichosahau. Anayeiongezea kazi yako hajakunyang'anya. Ila niambie, mwanangu, kwa nini hukuniambia kwamba umeumia?"

Anisa alivuta ncha ya hijabu yake. Akamtazama mama, kisha mwalimu.

"Nilitaka, mwalimu... nilitaka siku ile ulipomsifu Nyanchera, ulitaje na jina langu."