Redio Iliyokataa Kufundishwa Saa

"Hakuna saa iliyowahi kunishinda mimi," alisema Restuta, mikono kiunoni. "Hata saa ya shuleni ikigoma, naitwa mimi."

Ukweli usemwe. Saa ya shuleni kwao Makole iligoma Restuta akiwa darasa la tatu. Sasa yuko la sita, na saa bado imegoma. Lakini aliyekuwa akiambiwa hayo ni mdogo wake Petro, mwenye miaka minane, na Petro alikuwa anamenya karanga. Mtu anayemenya karanga hana nafasi ya kubishana.

Majigambo hayo yalianzia kwenye redio ya Babu Mazengo.

Babu alikuwa mstaafu wa reli. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika stesheni ya Bahi, na ingawa treni zilimwacha, saa hazikumwacha. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, alikaa mbele ya redio akisubiri habari za saa moja, kisha akairekebisha saa yake ya mkononi.

"Zamani," alisema kila siku, na wajukuu wakajua kinachofuata kama wanavyojua sala ya chakula, "saa ilitujia kwa waya. Dodoma wanapiga simu. Bahi, kwako saa ngapi? Unawatajia. Wanakwambia, umechelewa nusu dakika. Unasogeza mshale, ndipo kazi inaanza. Siku hizi saa inatoka mbinguni."

Alimaanisha redio ya setilaiti, ambayo baba yao, dereva wa lori, alimletea mwaka huu. Dishi lilifungwa juu ya ukuta wa uani, likiangalia juu kama sahani inayosubiri ugali. Kisanduku chenyewe, cheusi, kiliwekwa juu ya kabati, na usoni kilikuwa na tarakimu nyekundu za saa. Babu alikipima wiki nzima kama mkaguzi, mwishowe akakipa cheti: "Huyu angefaa kazi Bahi."

Sasa, Jumatatu ya wiki hiyo, redio ilitangaza jambo. Alhamisi, saa nne asubuhi, zingepigwa ngoma za zamani za akinamama wa Bahi, zilizorekodiwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Ngoma yenyewe ni muheme, ile ambayo akinamama wa Kigogo huibana katikati ya magoti na kuipiga kwa viganja. Mtangazaji akataja na jina la kiongozi wa kundi: Evarista.

Babu alikitua kikombe chini. Evarista alikuwa mkewe, bibi yao watoto, aliyefariki miaka minne iliyopita.

"Picha zake ninazo mbili," alisema Babu taratibu. "Sauti yake sina hata moja."

Lakini mpunga wa Babu huko Bahi ulikuwa umeiva, na ndege hawasubiri vipindi vya redio. Ilibidi aondoke Jumanne, na huko mashambani hakuna dishi. Mama yao angekuwa kwenye nafaka zake soko la Majengo, watoto shuleni. Ndipo Babu alipomkabidhi Restuta kile kijiti kidogo cha kuhifadhia sauti, flashi.

"Kisanduku hiki hujirekodia chenyewe kikiambiwa saa," alisema. "Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa tano. Utakiambia?"

"Babu! Kwa mambo ya saa?" Restuta akacheka. "Hesabu kuwa imeshaingia."

Jumatano jioni akakaa mbele ya redio, rimoti mkononi. Tarakimu nyekundu zilisoma 17:05.

"Kumi na saba ndiyo saa ngapi?" aliuliza Petro.

"Ni saa kumi na moja na dakika tano jioni. Redio inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Inamchosha Babu bure. Ngoja niifundishe Kiswahili."

Akaandika 11:05. Petro akapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, redio ikarudi 17:06.

"Imekataa," alisema Petro.

"Haijaelewa."

Akaandika tena, ikarudi tena. Mara ya tatu Restuta akazama kwenye orodha ya mipangilio, akakuta mahali palipoandikwa kwamba saa inapokewa kutoka setilaiti. Akapazima, kisha akaandika saa yake kwa mkono. Safari hii ikatulia. Redio ya Babu sasa ilisoma saa ya Kiswahili, na Restuta akajisikia kama waziri. Akapanga kurekodi: kuanza 04:00, kwisha 05:00. Saa nne hadi saa tano. Rahisi kama kumeza tende.

Usiku ule, mapema tu baada ya chakula, umeme ulikatika mtaa mzima. Ukarudi baada ya nusu saa. Watu wakalala.

Alhamisi, Restuta alitoka shule mbio, akabonyeza kusikiliza. Flashi ilikuwa na saa nzima ya sauti. Akatabasamu. Kisha mtangazaji akasema kwa sauti ya huruma: "Ndugu mfugaji, je, kuku wako anahara kijani?"

Restuta akasogeza mbele. Kideri. Akasogeza tena. Chanjo ya kideri. Dakika ya hamsini na tisa, mfugaji mmoja alikuwa akitoa ushuhuda wa jogoo wake. Muheme haukuwamo, wala Bibi hakuwamo.

Alifuta kuku wote. Jioni simu ya Mama ikaita.

"Mjukuu wangu," sauti ya Babu ilikuja na kelele za ndege nyuma yake, "imeingia?"

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Imeingia?"

Restuta akatazama nje. Vumbi lilikuwa linazunguka uani. "Upepo, Babu," alisema. "Upepo ulitikisa dishi, sauti ikakata yote."

Kwa mji wa Dodoma huo ulikuwa uongo mzuri, maana upepo huku haukosi. Babu aliupokea. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

"Basi," alisema. "Upepo haushitakiwi."

Ijumaa, Mama alirudi kutoka Majengo na habari njema. Wasikilizaji wengi walikuwa wameomba, kwa hiyo kipindi kingerudiwa kesho yake, Jumamosi, saa kumi jioni. Mara hiyo tu, kisha kanda zinarudi ghalani. Restuta aliruka juu. Alipotua, Mama alikuwa anaendelea: "Nimeshampigia Babu, anakuja. Na nimemwita Fundi Sebastiani aje alitengeneze hilo dishi linalotikisika."

Furaha ya Restuta ikakauka palepale.

Jumamosi Babu aliingia na kiroba cha mpunga mpya begani. "Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo, na nyumba nzima ikaitikia. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Restuta alilifahamu: la harusini na kanisani.

Saa tisa na nusu Fundi Sebastiani akaja na pikipiki yake na ngazi. Aliwasha kisanduku, akatazama, akakuna kidevu.

"Mbona mawimbi yanaingia vizuri? Mama Restuta, lilikata lini?"

"Alhamisi asubuhi. Upepo. Restuta ndiye anayejua."

Macho yote yakamgeukia. Restuta akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kichwa hakitoi sauti.

"Basi limelegea kwa ndani," alisema Fundi. "Upepo ukirudi litakata tena. Nilifungue, nililenge upya."

"Itachukua muda gani?" Babu aliuliza.

"Likinitii, dakika ishirini. Likigoma, hata saa nzima. Setilaiti ni kama tundu la sindano, Mzee. Ukikosea kidogo, uzi haupiti."

Babu akaitazama saa yake. "Wewe ndiye fundi. Ila mimi nina sauti moja tu ninayoisubiri."

Fundi akapanda ngazi, spana mkononi. Restuta alisimama chini, akimtazama Babu ambaye tayari ameketi kwenye kiti cha kamba, mikono juu ya magoti kama mtu aliye kwenye benchi la stesheni. Dishi halikuwa na kosa lolote. Kama Fundi angelifungua na lisikubali tena, Bibi angeimba huko juu, na hapa nyumbani asisikike. Hakuna ambaye angejua kwa nini, isipokuwa yeye. Na kwa muda mfupi aliwaza hivyohivyo: hakuna ambaye angejua.

Spana ikashika nati ya kwanza.

"Usifungue!" alipiga kelele. "Fundi, acha! Dishi ni zima. Si upepo. Ni mimi!"

Fundi akabaki mguu mmoja hewani. Mama akasema, "We Restuta!" Petro akaacha kutafuna.

Restuta akaeleza, maneno yakigongana: saa aliyoiandika kwa mkono, kuku, kideri, simu, upepo. Alipomaliza alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Fundi Sebastiani aliteremka polepole. Alitaka kucheka lakini alimtazama Babu kwanza. Kisha akaingia ndani, akaifungua ile orodha ya mipangilio.

"Sogea hapa, mwalimu wa Kiswahili," alisema. "Saa ya redio hii haimo ndani ya kisanduku. Huko kinakorushiwa kipindi, saa hupandishwa angani pamoja na sauti. Setilaiti inaishusha saa hiyohiyo moja kwa nchi zote zilizo chini yake. Haijui kama wewe uko Makole au uko ng'ambo ya bahari. Ni saa ya dunia nzima. Sasa, kila nchi na jua lake. Sisi Tanzania tuko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Kwa hiyo kisanduku kinapokea, kinajumlisha tatu, kinakuonyesha. Unaona hapa? Tatu."

"Na mimi nilipoandika yangu?"

"Ulikizuia kuuliza. Lakini hukuhifadhi mabadiliko. Umeme ulipokatika mtaa mzima Jumatano, kilipoamka kilirudia tabia yake, kikaiuliza setilaiti, kikapewa saa sahihi. Ratiba ya kurekodi ilibaki, lakini ile 04:00 yako ikawa saa kumi alfajiri. Wakati wa wafugaji."

Akaangalia saa. Zilibaki dakika tisa. "Saa kumi jioni ni ngapi hapa?"

Restuta alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, safari hii bila majigambo. "Kumi na sita."

"Andika wewe. Sisi tunakutazama."

Aliandika 16:00. Tarakimu zilipogeuka, kitaa chekundu cha kurekodi kikawaka chenyewe, na sebule ikajaa ngoma.

Kwanza ulikuja muheme mmoja, kama mtu anayebisha hodi. Kisha wa pili, wa tano, hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Juu ya ngoma ikapanda sauti ya mwanamke, nyembamba na yenye makali, ikiita kwa Kigogo, na wenzake wakiipokea.

"Huyo," alisema Babu. "Huyo ndiye."

Restuta hakuwahi kumsikia Bibi akiimba hivyo. Bibi aliyemjua yeye alikuwa wa kukohoa na kuuliza nani kaacha mlango wazi. Huyu wa redioni alikuwa kijana, na alikuwa akiwachekesha wenzake katikati ya wimbo. Kwa mbali, nyuma ya ngoma, ikasikika honi ya treni ikiingia stesheni.

Babu alifumba macho, akatabasamu huku machozi yakishuka. "Hiyo ya mchana," alisema. "Nilikuwa zamu. Nilisimama na bendera mkononi, nawasikia wanapiga kule nyuma ya ghala, nami siwezi kuondoka. Sikujua kama wanarekodiwa. Kumbe nimo."

Kipindi kilipokwisha, Mama alijipangusa macho kwa kanga na kumpakulia Fundi chai. Babu akamwita Restuta.

"Pale stesheni," alisema, "hawakutupigia simu kila asubuhi kwa sababu saa zetu zilikuwa mbovu. Kila saa hupotea, mjukuu wangu, hata nzuri. Haikuwa aibu kusema nimechelewa nusu dakika. Aliyefukuzwa kazi ni yule aliyeficha. Kwa sababu ukiificha nusu dakika, mwenzako wa stesheni ya mbele anaiamini, naye anaruhusu treni. Ulipokosea kupanga saa, ulikosea peke yako. Ulipousingizia upepo, ukampandisha Fundi ukutani na mimi nusura univalishe shati jeupe bure. Tazama kisanduku hiki: kinajua saa kuliko sisi sote, na bado kila kikiamka kinauliza. Nawe ukikosea, sema mapema. Kosa lililosemwa lina dawa."

"Nimesikia, Babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ulisema kabla nati haijalegea, na ndiyo maana leo nimemsikia bibi yako." Akamshika bega. "Umeniambia yote?"

Restuta akashusha pumzi. Alijisikia mwepesi, msafi, kama mtu aliyetoka kuungama. Akainua kidevu.

"Yote, Babu. Saa ilibadilika umeme ulipokatika, mimi nikiwa nimelala. Ningeiona, ningeirekebisha palepale. Sijabakiza hata neno."

Petro akamaliza kutafuna karanga, akameza.

"Hukuwa umelala," alisema. "Umeme uliporudi nilikuonyesha. Nikakwambia, dada, redio imesahau Kiswahili. Ukaniambia nizibe mdomo, unasuka nywele."

Fundi Sebastiani akainamia chai yake, mabega yakitikisika. Mama akafungua kinywa, Babu akamzuia kwa mkono, akavuta kigoda kwa mguu hadi mbele yake.

"Haya, Restuta," alisema. "Keti. Anza upya."